Slim ya Mwalimu wa Uholanzi

Kwenye basi kutoka Sanyuanli, mtaa wa masoko huko kwa Wachina, mwaka 2006, mbele yangu walikaa Watanzania wawili: Dainess, mama mnunuzi wa nguo, na Anatory, mwanafunzi wa lugha. Mama alimwonyesha ujumbe kwenye simu. "Binti yangu anasoma Uholanzi, yuko kwa mama yake mdogo. Mwalimu kaandika mtoto ni slim. Kakonda! Hawamlishi. Namrudisha Moshi."

"Hapana, mama. Kwa Kiholanzi slim ni mwenye akili."

"Jamaa aliyesoma Ujerumani kaniambia ni kitu kibaya."

"Hiyo ni schlimm ya Wajerumani. Asili ni moja, kitu kilichopinda. Wajerumani wakaishia kwenye ubaya, Waingereza kwenye wembamba, Waholanzi kwenye ujanja, kisha akili." Aliongea kwa uhakika wa mtu asiye na mtoto ughaibuni.

"Kupinda, ubaya, kukonda," mama alisema. "Na wewe umenichagulia zuri."

"Waholanzi ndio waliochagua, mama."

Basi likasimama kituo cha Guangyuan Xilu. Dainess alishuka simu ikiwa sikioni. "Mwanangu, hujambo? Haya, niambie ukweli, asubuhi hii umekula nini?"