Mzee Mirumbe Anastaafu, Chumba cha Kamari Kimefagiliwa

Salamu ziende kwanza Kehancha, nyumbani kwa Mzee Mirumbe: kwa Mama Bhoke, kwa Bhoke na mume wake, kwa Wangwe, kwa Mellen, na kwa nyanya yao ambaye macho yanamsumbua. Sisi wa ofisi ya Muhuru Bay tuko, ila hatujachangamka. Ijumaa hii Mzee anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kukagua leseni za kamari na bahati nasibu. Mimi Roseline wa chai nimeombwa nimwandikie, kwa vile kikombe chake nimekijaza miaka mingi.

Mbalamwezi ikiwa kali, omena, dagaa wa ziwa letu, haivuliki, taa za mitumbwi hazivuti kitu. Vijana wanakaa ufuoni bure, na hapo ndipo wenye mashine za kamari bila leseni wanafungua milango. Basi Mzee naye alikuwa anakuja wakati huo huo. Anawaeleza sheria polepole, kama mtu anayefundisha katekisimu: mashine bila leseni inachukuliwa, mtoto haruhusiwi kucheza, mwenye chumba anaenda kortini.

Tulicheka pia. Mashine moja ilishikwa ikawekwa stoo kungoja kesi. Onyancha, dereva wetu, akaichomeka kwa stima aone kama iko hai. Ikammezea sarafu zote za chakula. Akakimbia kuishtaki kwa Mzee, anataka ishikwe. Mzee akamwambia hiyo iko ndani tayari, aliyebaki kushikwa ni yeye. Mpaka leo Onyancha akipita karibu na stoo tunamuuliza kama anaenda kumwona mfungwa.

Lakini mimi shukrani yangu ni ya Wesley, kitinda mimba wangu, mvuvi. Aliweka rehani taa za mtumbwi kwa mwenye mashine ili aendelee kucheza. Sasa bila taa, omena utaipata wapi? Mzee hakumtukana. Alifunga chumba cha yule mwenye mashine, akazibeba taa mwenyewe, akaziweka kwa meza yangu, akaomba chai. Tangu hapo Wesley anaingia ziwani na wenzake kama watu.

Jumamosi mbalamwezi inajaa, na Mzee atakuwa ameenda. Kile chumba alichokifunga nimekiona kimefagiliwa, waya mpya wa stima umevutwa. Wesley ameniuliza mara mbili kama ni kweli Mzee anatuacha.

Asante, Mzee wetu. Pumzika vizuri, mahindi yako yakubali, na Mama Bhoke akuchoke polepole. Na nyinyi wakubwa wa Migori mtakaosoma hapa, tafadhali tuambieni haraka ni nani anakuja kuchukua kazi hii. Hata kwa simu. Hata leo.