Maisha ya Esnah Bosibori, Aliyetengeneza Mfuko wa Kuoza

Esnah Bosibori Machogu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Gesima, kifungua mimba wa Mzee Manasseh Machogu na Mama Mong'ina. Siku hiyo mvua ya mawe iliharibu wimbi changa shambani, na baba yake akawaambia majirani kwamba amepata hasara mbili kwa siku moja. Hadi leo anaisimulia kama mzaha. Esnah hakuwahi kuucheka.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha shule ya bweni ya wasichana mjini Kisii, na mwaka 1968 akaenda Nairobi kusomea kemia. Likizo ya mwaka uliofuata aliikuta chai ya mama yake imekuwa ya manjano. Mama Mong'ina alikuwa ameambiwa kitaluni asitikise udongo wa mizizi, naye kwa utiifu akapanda kila mche pamoja na mfuko wake wa nailoni. Esnah aling'oa mmoja. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani kama uzi kwenye kibiringo, na nailoni bado ilikuwa mpya. Kijiji kilicheka kwa miaka. Mama aliacha kuhudhuria mikutano ya wakulima.

"Mama, kosa si lako," Esnah alimwambia. "Ni la mfuko usiojua kuoza."

Alipata shahada mwaka 1971, akafundisha kemia shule ya upili upande wa Nyamira. Kila likizo alishinda nyuma ya duka la Bwana Ratilal mjini Kisii, penye mashine ya kutengeneza mifuko. Plastiki ya kuoza ardhini aliipika mwenyewe. Taabu ilikuwa kuipuliza. Mashine huyeyusha plastiki, huisukuma kwenye tundu la duara, kisha huijaza hewa iwe puto refu la kukatwa mifuko. Ya Esnah ilimwagika chini.

"Binti Machogu," alilalamika Ratilal, "mimi nauza mifuko, wewe naniletea uji!"

"Basi wiki ijayo nitaleta ugali, Bwana Ratilal."

Naye aliuleta kweli. Alikuwa akieleza hivi: plastiki ni nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Zikiwa zimenyooka, zikiyeyuka huteleza na kuachana, kama fito za mzigo uliofunguka kamba. Zikiwa na matawi hushikana kama kuni za miiba. Ukivuta moja, nyingine zinakuja. Gliserini, ile ya kupaka mikono, ndiyo iliyozipa nyuzi matawi. Ilipozidi, plastiki ilifanya mabonge ikaziba tundu, na huo ndio uliokuwa ugali. Ilipokuwa kidogo tu, plastiki ililegea ikisukumwa tunduni, lakini ilipovutwa ilikaza. Aprili 1974 puto lilisimama. Ratilal alizima redio ili alitazame vizuri.

Mwaka 1975 Esnah alipanda miche yake ndani ya mifuko hiyo, bila kuivua, ukingoni mwa shamba karibu na ua, kwa kuwa binti hapewi pa katikati. Miaka miwili baadaye aliueleza mkutano wa wakulima. Mwenyekiti, Mzee Onchiri, alimkatiza: "Hayo ni maneno ya chuo. Ng'oa mchai mmoja tuone kama mfuko umeoza."

Esnah alimgeukia baba yake.

"Shamba ni la nani?" Mzee Machogu aliuliza.

"Ni lako, Tata."

"Mimi sing'oi chai inayochumwa. Ukiolewa, kang'oe ya bwana yako."

Mkutano mzima ulicheka. Mwaka huo kitalu kiliagiza nailoni kama kawaida.

Hakuolewa. Wazee walikuja kumposa mara mbili, na mara zote waliuliza kama ataacha kupika nailoni. Alisema hataacha. Familia iliombwa kuiruka sehemu hii ya maisha yake, lakini kuiruka kungekuwa kusema uongo mbele ya jeneza lake.

Oktoba 1978 figo zake zilianza kushindwa. Wapo waliosema ni moshi wa plastiki. Daktari hakusema hivyo. Baba yake alipomtembelea hospitalini, alimwomba tena: "Tata, mchai mmoja tu." Akajibiwa: "Pona kwanza." Alifariki Jumatatu, tarehe 6 Agosti 1979, saa kumi na moja alfajiri.

Binti asiyeolewa hazikwi karibu na nyumba. Huzikwa ukingoni, na ukingoni ndipo ilipo michai yake. Juzi Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, vijana waling'oa mitano ili kupata nafasi ya kaburi. Mizizi ilikuwa imetawanyika kando na chini kama ya mti wa msituni. Mfuko haukuonekana, hata kipande. Mzee Machogu alipiga magoti akaupekua udongo kwa vidole. Kijana mmoja alimuuliza ameangusha nini. Aliendelea kupekua. Mzee Onchiri, aliyekuja kutoa pole, alivua kofia.

Michai hiyo imelazwa karibu na kaburi. Wakulima wanaombwa kuitazama kabla ya kwenda zao.

Ameacha baba yake na mama yake, wadogo zake Abigael na Okemwa, na wanafunzi aliowafundisha.

Apumzike sasa Bosibori. Mchai umeng'olewa.