Saveta Crișan, Aliyetoa Makaa Kwenye Nyuso za Watu

Baba Padri, ndugu wa ukoo wa Crișan na wa ukoo wa Bolog, majirani, madaktari na wauguzi, na ninyi wachimbaji mliostaafu mliokuja na taa zenu za mgodini kumsindikiza, familia inawashukuru kwa kufika katika baridi hii, na inawaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya mama yetu, kama tulivyoyaona sisi wanawe, na kama alivyotusimulia yeye mwenyewe pamoja na baba yetu Traian, aliyeketi hapa upande wa kichwa cha jeneza.

Marehemu Saveta alizaliwa tarehe 2 Februari 1955, katika kijiji cha wachunga kondoo eneo la Hațeg, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Simion Bolog na Bi Anuța, na kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia mkunga hakufika, akapokelewa na bibi yake, ambaye alisema kwamba mtoto huyu ametoka amekunja ngumi na kwa hiyo hatakuwa mtu wa kuachia kitu njiani. Alibatizwa katika kanisa la kijiji Jumapili ya kwanza baada ya njia kufunguka.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1962 hadi 1970, kisha akaenda shule ya uuguzi mjini Deva, akamaliza mwezi Juni 1975, na hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake mmoja alimwambia baba yake kwamba binti huyu ukimpa sufuria iliyoungua hatairudisha mpaka ing'ae.

Tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa katika hospitali ya mji wetu huu wa wachimbaji, akapangiwa chumba cha majeraha, chini ya Daktari Zoltan Bereczki, ambaye amemtangulia kwa Mungu, naye ndiye aliyemfundisha kazi aliyoifanya maisha yake yote. Ninyi wa bonde hili hamhitaji kuelezwa alama za buluu, jinsi vumbi la makaa linavyoingia chini ya ngozi gesi inapolipuka au jiwe linapokata, kidonda kikafunga juu yake, na alama ikabaki mpaka kaburini, na wanaume wetu wakaiita saini ya mgodi na kutembea nayo kifua mbele. Mnajua pia desturi ya akina mama zetu, kwamba mwanamume akiletwa nyumbani ameumia, huoshwa polepole kwa kitambaa laini na maziwa ya uvuguvugu, asisikie maumivu, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa ikilifungia vumbi ndani. Daktari Bereczki alimwambia, "Binti, vumbi ni kama mpangaji mbaya, ukimwachia siku tatu hatoki tena. Sugua kwa brashi na sabuni mpaka damu itoke safi. Mgonjwa akikutukana, itikia, huku unasugua."

Marehemu alikutana na baba yetu katika chumba hichohicho, mwezi Oktoba 1977, Baba alipoletwa kutoka mgodini kidole kimepondwa, na kidole kikapona, lakini mwenye kidole akaendelea kuja. Siku moja Marehemu alimwambia, "Traian, kidole hiki kimepona tangu wiki iliyopita," naye akajibu, "Kimepona, Sista, lakini hakijajua njia nyingine ya kwenda." Walivishana pete za uchumba siku ya Krismasi 1978, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka.

Jumanne tarehe 6 Machi 1979, katika zamu ya mchana, gesi ililipuka chini, wanaume wanne hawakupanda tena, Mungu awarehemu, na baba yetu alipandishwa akiwa hai, macho yake yakiwa yamesalimika kwa sababu alikuwa ameinama, lakini uso wake wote ulikuwa mweusi na umechimbika kwa chembe za makaa. Daktari alikuwa kwenye meza ya upasuaji na waliovunjika mifupa, dawa ya ganzi ilikuwa chache na ilipewa hao kwanza, na Marehemu, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minne, alichukua brashi akaanza kumsugua mchumba wake, paji la uso kwanza, kisha shavu la kulia, huku naye analia, na mchumba anamtukana kwa maneno ambayo Baba ameomba yasisomwe mbele ya Padri. Alikuwa amemaliza upande wa kulia wakati mama mkwe wake mtarajiwa, bibi yetu Paraschiva, alipousukuma mlango, akaona damu, akapiga kelele, "Unamchuna mwanangu kama kondoo wa Pasaka! Hayo ndiyo mapenzi yako, wewe msichana?" akamnyang'anya brashi, akaitupa dirishani, akavuta kiti kando ya kitanda.

Siku tatu zilizofuata bibi yetu hakuondoka kwenye kiti kile, akiwa na picha takatifu ya Mama wa Mungu mapajani, akamwosha mwanawe upande wa kushoto kwa maziwa na majani ya rihani yaliyobarikiwa, Daktari alipokuja akamwambia, "Bwana Daktari, mmoja ameshachukua nusu ya uso, wewe unataka hii nusu nyingine?" na baba yetu, aliyekuwa na homa kali, akasema tu, "Mwacheni Mama." Marehemu alisimama nje ya mlango akijua kila saa inayopita inamaanisha nini, na hakuruhusiwa kuingia. Wiki ile watu wote waliokuja kumjulia hali walisema bibi alikuwa na haki, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa umevimba, unatoa maji, umeota kigaga kama gome la mti, na upande wa kushoto ulionekana umetulia, mchafu kidogo tu.

Kisha kigaga kikaanguka, na chini yake ngozi ilikuwa ya waridi na safi, na upande wa kushoto ulikuwa wa buluu, nukta kwa nukta, kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 6 Mei 1979, na katika picha zote za harusi bwana harusi ametazama upande mmoja, kwa sababu bibi yetu alisimama nyuma ya mpiga picha akimwelekeza kwa kidole.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Ruxanda, aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 1980, na Damian, aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1983, na tulikulia katika ua mmoja na bibi, ambaye alikula chakula cha mama yetu kila siku na hakumsemesha, akawa anaongea na paka, "Paka, mwambie huyo mwanamke kabichi imezidi chumvi," na mama yetu naye akijibu kwa heshima, "Paka, mwambie Mama nimesikia, kesho nitapunguza." Tulidhani ni hasira. Marehemu alituambia baadaye kwamba alijua siku nyingi kuwa si hasira, kwa sababu mwenye hasira hukutazama usoni, na bibi alikuwa hawezi kumtazama yeye wala mwanawe.

Mwaka 1984 Daktari Bereczki alipata mashine yenye gurudumu dogo gumu linalozunguka kwa kasi, la kusaga ngozi ya juu yenye kovu mpaka kufikia ngozi nzima chini yake, na akampeleka Marehemu mjini Cluj kujifunza kazi hiyo kwa miezi sita, nasi tukabaki na Baba, tukala viazi. Aliporudi alifungua chumba kidogo mwisho wa korido, na ninyi mliopita humo mnakumbuka alivyopuliza dawa ya baridi kwenye ngozi huku anasali Baba Yetu kwa sauti, na alipofika "utupe leo" ngozi ilikuwa imeganda ngumu kama ubao, hapo ndipo Daktari alipoanza kusaga, na mgonjwa aliyejaribu kuongea aliambiwa anamkatiza Mungu. Mnakumbuka pia alivyowafuata sokoni na mashambani baadaye, kwa sababu ngozi mpya ikipigwa na jua hugeuka kahawia, akipaza sauti, "Kofia! Kofia yako iko wapi?" mpaka wanaume wazima wakakata majani wamevaa kofia za wake zao, na wote waliocheka mwaka ule, mwaka uliofuata walikuwa kwenye foleni.

Lakini uso alioutaka kuliko nyuso zote ulikuwa unalala kando yake, na mwenyewe hakukubali. Alimwomba mara nyingi, na jibu lilikuwa lilelile, "Saveta, mama yangu ananiona kila siku. Nikienda kuusafisha, nitakuwa nimemwambia kila siku kwamba alikosea. Ngoja." Marehemu hakumgombeza wala hakukata tamaa, na kila vuli ilipofika alimkumbusha kwamba majira ya baridi ndiyo mazuri kwa kazi ile, jua ni dogo, na Baba akasema ngoja, naye akangoja.

Jumatano tarehe 9 Novemba 1988 mgodi ulilipuka tena, vijana tisa wakaletwa nyuso zikiwa nyeusi, safari hii kwa rehema ya Mungu wote wakiwa hai, na mama zao wakajazana kwenye korido na mitungi yao ya maziwa, wakisikia makelele kutoka chumbani, mmoja akamshika mama yetu nguo, akamwambia, "Una moyo wa jiwe, ulimfanya hivi hata mumeo!" Hapo bibi yetu Paraschiva akaja, akiwa na miaka sabini na mmoja, akapita katikati yao kwa fimbo yake, akaufunga mlango nyuma ya mgongo wake na kuuegemea. Alisema, na wapo hapa waliomsikia, "Nyote mnamjua Traian wangu. Upande wa kulia ni kazi ya mke wake, alipigiwa kelele na mimi. Upande wa kushoto ni kazi yangu, nilisifiwa na ninyi. Sasa chagueni, na maziwa hayo nyweni wenyewe." Kisha akageuza uso kwenye ufa wa mlango, akasema bila paka, "Sugua, binti yangu. Nipo hapa, hapiti mtu."

Vijana wale tisa walisuguliwa wote, na baadhi yao ndio waliobeba jeneza hili leo, watazameni wenyewe. Marehemu alirudi nyumbani asubuhi, akawakuta mama mkwe na mumewe wamekaa mezani, na Baba akasema, "Haya, Mama amenipa ruhusa. Maliza kazi yako." Ilianza mwezi Januari 1989, sehemu ndogo ndogo kila majira ya baridi, kwa sababu makaa ya miaka kumi yameshuka chini na huwezi kusaga kwa pupa usije ukaacha kovu baya kuliko alama, na ikamalizika mwezi Februari 1991, zikabaki nukta chache chini ya jicho ambazo Daktari alikataza kuguswa. Bibi alimpaka Baba mafuta kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, Marehemu akimwelekeza, na alifariki mwaka 1994 akiwa ameshikwa mkono na mkwe wake.

Migodi ilipofungwa, chumba hakikufungwa, walikuja mabinti wenye mashimo ya chunusi, watoto waliong'atwa na mbwa, wanawake waliounguzwa na mafuta ya kukaangia, na hata mashine mpya ya mwanga ilipoletwa Marehemu aliisomea, akisema haipendi kwa sababu haina kelele lakini inafanya kazi. Alistaafu tarehe 1 Machi 2015, na hata baada ya hapo aliendelea kuwafokea watu barabarani kuhusu kofia.

Mwezi Oktoba 2023 alianza kupungua mwili na kushindwa kula, akapimwa Petroșani na baadaye Cluj, ikagundulika saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, akauliza kama kuna la kufanya, akaambiwa ni kutuliza maumivu tu, akasema, "Basi nirudisheni nyumbani, nina nguo za kupanga." Alipokea Komunyo Takatifu Jumapili ya mwisho, na alifariki Alhamisi tarehe 7 Machi 2024 alfajiri, mshumaa ukiwa mkononi, mumewe na wanawe tukiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa sista aliyekuja nyumbani kumchoma sindano katika theluji bila kuombwa, inawashukuru wauguzi wenzake wa chumba cha majeraha, majirani waliopika ngano na mikate ya kumkumbuka marehemu, wachimbaji waliochimba kaburi na kukataa kusaidiwa, na Baba Padri kwa sala zake.

Mwisho, tunaomba kueleza jambo moja, kwa sababu tumesikia minong'ono langoni. Ni desturi yetu kwamba mwanamume aliyefiwa na mkewe hagusi ndevu mpaka siku arobaini zipite, na baba yetu amekuja hapa amenyoa, amenyoa leo alfajiri, mpaka jirani yetu Mitică akamwambia waziwazi, "Traian, umezeeka ukasahau? Hata ndevu umeshindwa kumwachia mkeo?" Baba alimjibu, naye ameomba jibu hilo lisomwe ili asiulizwe tena. Alisema, "Mitică, huyu mwanamke aliufanyia kazi uso huu miaka kumi na mbili, na leo ndiyo mara ya mwisho tunatazamana. Ndevu nitafuga kuanzia kesho."

Sasa Baba atatangulia kumbusu, nasi tutamfuata. Pumzika, Mama, katika amani ya Bwana.