Kengele Iliyolia Kabla ya Wakati

Barza ya Wakili iko ndani ya Mji wa Kale, na wanaoikalia kila alasiri wanajulikana hata na paka wa mtaa. Wakili mwenyewe hajawahi kusimama kortini. Ni karani wa bandarini anayependa kubisha. Relwe, ambaye jina lake hasa ni Barnabas, ni fundi wa reli aliyetoka bara zamani, akaizoea kahawa chungu mpaka akaisahau chai. Alasiri hiyo ya mwaka wa tisini na nane walikuwa wakimsifu Kahindi, mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya Tononoka, naye ameinamisha kichwa kwa haya. Jana, saa nne asubuhi, kengele aliyoiunganisha na kompyuta ililia mlio wa kwenda nyumbani. Watoto walitoka mbio, walimu wakawafuata kuwarudisha, na nyuma yao tangi la maji lililokalia vyuma juu ya paa likaporomoka na paa hilo hadi ndani ya darasa la sita. Hapakuwa na mtu ndani.

Wakili alishikilia kwamba kompyuta ilisikia vyuma vikilia. Relwe akasema la, ilihisi paa likilemea nyaya zake. Kufika kikombe cha pili, Wakili alishahamia kwenye majini: liko moja jema, lapenda watoto, limepanga ndani ya ile mashine.

— Yakhe, lilikuwa kosa langu, — alisema Kahindi. — Nisikilizeni.

Akawaeleza. Programu ya kengele aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo hakumjua mwingine mjini anayeitumia. Kando yake aliweka faili la majaribio, maana hakuwa na subira ya kungoja hadi jioni ili asikie kengele ya mwisho. Faili hilo huisogeza mbele saa ya programu. Juzi alitaka kitu kimoja tu kutoka humo, kijisehemu cha kusoma ratiba ya vipindi, asikiandike mara mbili. Basi akaliita faili lile ndani ya programu ya kweli.

— Sikuliambia lijaribu chochote. Lakini Python ukiita faili, yatekeleza yote yaliyomo, toka juu hadi chini. Ni kama nimemwita mpishi anipe chumvi, naye akaingia akaanza kupika. Saa ya programu ikasogezwa mbele, na saa nne asubuhi kengele ikadhani ni jioni.

— Basi muache apike, — alisema Wakili.

Kahindi akasema ameshalitoa. Asubuhi ile alikihamisha kijisehemu chake kwenye faili la peke yake, na sasa kengele inalia kwa saa zake. Barza ilinuna. Hata mwalimu mkuu, aliyemshukuru mbele ya shule nzima, hakumpa nafasi ya kumaliza maelezo. Tangu jana Kahindi alikuwa akimshukuru Mungu na kuona aibu kwa pumzi moja.

Ndipo akaja Sidi, mama wa mmoja wa watoto wa darasa la sita, na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Aliwaamkia wote, akaushika mkono wa Kahindi kwa mikono yake miwili. Kahindi akamwambia naye kwamba lilikuwa kosa.

— Nimesikia, mwalimu. Ulikosea, nami nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Mercy wangu hukaa dawati la mbele. Lakini nina mdogo wake, Katana, yuko darasa la kwanza. Lile tangi la pili, lililo juu yao, limekalia vyuma vya namna gani?

Wakili alimtazama Relwe. Relwe, aliyefanya kazi na vyuma maisha yake yote, alikisukuma kando kikombe chake. Kahindi alikumbuka kwamba kesho kengele italia kwa saa yake, na watoto watakuwa ndani.

— Tupitie kwangu Bondeni, — Relwe alisema akiinuka. — Nichukue spana na kamba.

— Mlinzi wa geti la shule anijua, — alisema Kahindi, na alikuwa ameshasimama. Alimgeukia Sidi akamwambia ahsante, na kwa mara ya kwanza tangu jana neno hilo lilimtoka bila aibu. Mahamri waliyabeba. Kahawa ilibaki vikombeni.