Menna Basi Hajashuka Mlimani

Kwanza niapie. Siyo kwa kichwa chako, kichwa hicho nakijua mimi. Apa kwa macho yako yote mawili kwamba hili haliondoki hapa tulipokaa. Likimfikia Nesta nimekwisha, maana Nesta yumo humu, na akijua nimemtaja atanipima kwa macho toka bega hadi bega, nami sipendi kupimwa na binti wa mchonga majeneza. Umeapa? Haya, sogea.

Lile benchi la mbao nje ya mkahawa wa Mererid, hapa mjini kwetu Llanerfin, linalotazama barabara ya mlimani, ndipo walipokuwa Jumamosi ile ya Oktoba. Wanne, kama siku zote, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Gwilym Mkate, aliyetuokea mikate miaka arobaini. Trefor Barua, mpeleka barua mstaafu. Huyo Nesta Jeneza niliyekwambia. Na Idwal Saa, fundi saa, mume wa Menna Basi. Menna ameendesha basi la shule juu ya mlima ule miaka ishirini na saba, Alhamisi kastaafu, Ijumaa jioni binti yao wa Cardiff kamkodishia gari la mbio siku mbili ajizungushe vijijini apendavyo. Jekundu, pana, fupi kama droo ya kabati. Jumamosi saa nne kasoro akapanda nalo, afike ziwani juu ageuze, dakika arobaini tu. Saa nne na robo ukungu ukashuka, ukaufunika mlima kama mtu anavyofunika sufuria. Sasa ilikuwa saa tano na nusu, na kahawa ya Idwal imepoa haijaguswa.

— Saa ngapi, Idwal? — akauliza Gwilym.

— Tano na dakika thelathini na mbili.

— Si umesema thelathini na moja sasa hivi?

— Hiyo sasa hivi imeshapita.

— Jamani, msimtie mwenzenu hofu — akasema Trefor. — Menna anaujua mlima kuliko kondoo wanavyoujua.

— Anaujua akiwa juu ya basi, bwana! — akapinga Gwilym. Kwenye basi unakaa juu, unaona ukuta, unaona na ng'ombe nyuma ya ukuta. Kile kidude unakaa makalio yamegusa lami. Unaona nini? Majani.

— Na lami ina joto — akadakia Nesta. — Ukungu ukishuka kondoo wanakuja kulala barabarani. Weupe ndani ya weupe.

— Nesta, mama, nyamaza — akasema Trefor.

— Nimesema kondoo tu. Kondoo nao marufuku?

Trefor akakoroga kahawa yake.

— Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana gari la haraka wanakukodisha siku mbili tu, isije baraka ikakuishia mwilini.

— Haisemi hivyo hiyo methali — akasema Gwilym.

— Inasemaje basi?

— Sijui. Lakini hivyo haisemi.

Mara, ngrrrrrm! Idwal akaruka, kahawa yote kwenye suruali.

Ukipita nyumba ya mwisho kule juu, barabara imelazwa vyuma kuzuia kondoo wasishuke mjini. Gari lolote likitoka mlimani lazima livikanyage, navyo vinanguruma mpaka benchini. Trefor akainua kidole, akainamisha sikio.

— Trekta — akasema. — La Ifan. Gurudumu la nyuma limelegea.

Kweli, trekta likachomoza kwenye ukungu taratibu, na Ifan juu yake, shamba lake ndilo la mwisho kabla ya kilele. Idwal akalikimbilia katikati ya barabara, mzee wa miaka sitini na minane.

— Umemwona Menna?

— Sijaiona hata pua yangu, Idwal. Nilimsikia akipanda. Kama nyuki ndani ya chupa. Kisha kimya.

— Kimya cha namna gani?

— Kimya, bwana. Kwani ziko namna ngapi?

Akaenda zake. Idwal akarudi kukaa. Akapiga simu tena, ingawa mlimani hakuna simu inayoshika, na hilo hata kondoo wanalijua. Akasikiliza sauti ya mkewe iliyorekodiwa, inayosema acha ujumbe. Hakuacha. Angeacha ujumbe gani?

— Mimi nawaambia kilichotokea — akasema Gwilym, kajivuta mbele. — Kakutana na lori la magogo. Njia ile magari mawili hayapishani, mmoja lazima arudi nyuma mpaka pale palipochimbwa pa kupishania. Sasa niambieni, Menna lini alirudi nyuma kwenye mlima ule?

Wakatazamana.

— Hajarudi hata siku moja — akasema Trefor polepole. — Lile lilikuwa basi la watoto. Sote tulirudi nyuma apite. Mimi na gari la barua, Ifan na trekta, hata gari la maiti.

— La baba lilirudi mara mbili — akasema Nesta. — Na marehemu ndani.

— Mnaona! Miaka ishirini na saba anapishwa yeye. Leo kasimama anangoja apishwe, kwenye gari linalonifika hapa kiunoni, na wa lori kakaa juu kama yuko mnarani. Hamwoni. Anapita juu yake kama mtu anayefunga droo.

— Gwilym!

— Nasema labda.

— Hakuna lori Jumamosi — akasema Trefor. — Wewe huujui mlima. Mlima ule ni mtupu ndani. Wazee walichimba madini ya risasi humo miaka mia mbili, wakachomoa kila kitu wakaacha ganda. Barabara ile ni ganda la yai. Basi lilikuwa linapita polepole, maili kumi na tano kwa saa, yai halishtuki. Sasa wewe lipitishe dude linalonguruma vile.

— Siyo mashimoni — akasema Nesta. — Ziwani.

Kila mtu alikuwa ameshaliwaza ziwa, na kila mtu alikuwa amelikwepa.

— Lakini msiogope — akaendelea, sauti laini ile ya nyumba ya msiba. — Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na lile limeundwa Italia, fedha nyingi. Litaelea kidogo.

— Kidogo, muda gani? — akauliza Idwal.

Ndiyo mara ya kwanza kasema neno pale benchini bila kuulizwa saa. Nesta akamtazama, halafu akatazama kikombe chake.

— Mi sijui, shemeji. Nilikuwa nafariji.

Mererid akatoka na birika, kawaongezea kahawa, na keki zile za zabibu kavu zinazookwa juu ya bamba la chuma, za bure, na keki za bure mtaani hapa unapewa ukifiwa. Idwal akaisukuma ile sahani mbali.

— Mnasikia? — akasema ghafla. — Vyuma. Sikilizeni.

Wakasikiliza. Maji kwenye bomba la paa, tone, tone.

— Hatusikii kitu, Idwal.

— Nimesikia.

— Umesikia unachotaka, ndugu yangu — akasema Gwilym. Alikuwa naye ameshajitisha mwenyewe, maana alipoendelea hakumtazama mtu. — Mnajua mimi nawaza nini? Miaka yote hiyo kawapitisha watoto wa watu mlimani. Theluji, barafu, mafuriko. Na wote kawarudisha majumbani. Hakuna hata mmoja. Mlima nao una tumbo, jamani. Umemwangalia akipita nao miaka ishirini na saba. Leo kaja peke yake.

Hapo hata Nesta akajifunga koti lake la baridi mpaka shingoni. Ukungu ulikuwa umefika kwenye nyumba ya mwisho, vyuma havionekani tena.

Ndipo akaja yule mama mgeni. Mtembezi, begi mgongoni, viatu vimejaa tope, anangoja basi la saa sita. Akaomba pa kukaa, wakasogea, akaona sura zao.

— Samahanini. Kuna msiba?

Weeh! Si wakamwambia wote wanne kwa pamoja? Siyo, watatu. Idwal hakusema. Lori, yai, ziwa, tumbo la mlima, yule mama anageuza shingo huku na huku kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Walipochoka, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

— Magari yale si yana viti viwili? Kiti cha pili kakaa nani?

Wote wakamgeukia Idwal.

— Mgongo wake… — akaanza Gwilym, akimnyooshea Idwal kikombe. — Mwenzetu huyu ana mgongo. Haukunjiki. Si ndiyo, Idwal?

Idwal ndivyo alivyowaambia asubuhi, kwamba mgongo umegoma kuingia. Sasa aliwatazama wote mmoja mmoja, na ule uongo ukawa mzito kama jiwe mdomoni. Maana mgongo uliingia. Aliingia mzima mzima, wenzake hawajafika benchini bado, akafunga mkanda, wakapita nyumba ya mwisho, wakavuka vyuma, na Menna akacheka, akasema, «Shika kofia, mzee wangu,» akakanyaga mafuta mara moja tu. Mara moja! Na yeye kapiga ukelele kama mtoto, «Nishushe!» Menna kasimama. Kamtazama. «Unashuka kweli?» «Nashuka.» Hakumgombeza. Aliinama akamfungia mlango kutoka ndani, akaenda. Na uso wake ulivyokuwa wakati anainama, ndicho kitu Idwal alichokuwa akikiona tangu saa nne kasoro asubuhi kila akitazama saa.

Akaweka kikombe chini. Akasimama.

— Wapi? — akasema Trefor. — Idwal! Ngoja nikachukue gari, we mtu!

— Gari litamgonga kabla hujamwona. Kaeni.

— Na wewe utaona nini huko?

Alikuwa ameshaondoka. Walimwona mpaka kwenye nyumba ya mwisho, kisha wakasikia viatu vyake juu ya vyuma, tang, tang, tang, kisha nayo sauti hiyo haipo.

Unazijua zile nguzo za theluji kando ya barabara, ndefu, za kuonyesha njia ilipo theluji ikifunika? Basi alipanda kwa hizo. Anashika moja, anakwenda kipofu, mikono mbele, mpaka ashike nyingine. Kondoo wanakohoa kwenye giza lile jeupe kama wazee, kila akisikia moyo unamtoka. Upande wa kushoto ukuta ukaisha, na baridi ya ziwa ikaanza kumpiga shavuni. Anaita, «Menna!» Sauti haiendi popote, inamwangukia miguuni. Maili mbili hivyo. Akaanza kulia bila kujua kama analia, na mvua ilikuwepo pia.

Ndipo akaona taa mbili nyekundu, chini kabisa, kwenye usawa wa magoti. Haziendi.

Akagonga kioo. Kikafunguka vidole viwili.

— Nani?

— Mimi.

— Mimi nani?

— Mimi Idwal.

Akasikia pumzi ikitoka mle ndani, ndefu, kama ya gurudumu.

— Usije mbele — Menna akasema. — Mbele ukuta wa Ifan umeanguka, mawe yamejaa njia. Kushoto ziwa. Nyuma hili gari halina kioo cha maana, naona mbingu tu. Sijawahi kurudi nyuma hapa, Idwal. Sikujua barabara hii nyuma ikoje. Nilijaribu, gurudumu likateleza kwenye majani, nikalikamata. Nimekanyaga breki saa mbili nzima na zaidi, sijui kama mguu ni wangu tena. Breki ya mkono ya gari hili siiamini, nikishuka lisije likaondoka. Nilikuwa naogopa hata kupiga honi.

— Nitasimama nyuma.

— Nikikosea utabanwa, au utakwenda nalo chini.

— Najua.

— Basi uniambie kweli. Usiniambie njoo kama huoni.

Akasimama nyuma. Mkono mmoja kwenye lile bati la moto, mguu wa kushoto unatambua mwisho wa lami, pale inapoanza majani. «Njoo. Njoo. Simama. Kulia kidogo. Kulia, Menna! Njoo.» Hatua kwa hatua, hatua zaidi ya mia mbili, injini inanguruma tumboni mwake kama mnyama anayetaka kumrukia, na huyu ndiye mtu aliyeshuka kwa kukanyagwa mafuta mara moja. Mara mbili gari liliteleza kumjia. Mara mbili hakuruka pembeni. Anasema hakuwa shujaa, miguu tu iliganda.

Walipofika mahali pa kupishania, Menna akageuza. Akafungua mlango ule wa pili kutoka ndani, ukainuka juu kama bawa.

— Unapanda, au unashuka kwa miguu?

Akapanda.

Kule benchini Mererid alikuwa akisema kahawa imeisha, na Trefor, na masikio yake yote hayo, hakujua ni gari gani lililovuka vyuma, maana lilikuja polepole mno. Maili kumi na tano kwa saa.

Sasa usiniulize nimejuaje ya mlimani. Kaniambia Menna mwenyewe, jikoni kwangu, mguu kautia kwenye beseni la maji moto. Na ya benchini, na ule uongo wa mgongo, na kila alichowaza, Menna kaambiwa na Idwal. Alimwambia yote ndani ya gari, wakishuka, kwenye kile kiti, macho kayafumba.