Kuku wa Tajiri na Mshahara wa Mugambi

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Josphat Mugambi, nayo imeniomba nisimsifu kupita kiasi, kwa kuwa nyote mlimjua, na sidhani kuna mtu hapa ambaye hakuwahi kuchoshwa naye.

Mugambi alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 karibu na Nkubu, akiwa kifungua mimba katika watoto sita, akasoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, kisha ya upili hadi 1992, ambako walimu waliandika kwamba ni kijana mpole mno, neno ambalo mjane wake, Purity, halisomi bila kutikisa kichwa. Mwaka 1994 aliajiriwa kuendesha lori la majani chai, tarehe 12 Desemba 1998 akafunga ndoa kanisani na Purity, wakajaliwa Mwenda mwaka 1999 na Tabby mwaka 2004.

Februari 2017 wakala mmoja wa Kinoru alimpeleka Kanada kuvuna nyanya kwenye grinihausi, kwa mikataba ya miezi minane minane, yeye na vijana watano wa Meru na Embu, mmoja wao akiwa Njeru wa Gachoka, aliyekuwa akitafuta pesa za kuchimba kisima, maana mama watoto wake alibeba maji kutoka mbali mpaka mgongo ukapinda. Sheria ya huko hata mtoto angeielewa, kwamba mwajiri anayeleta mfanyakazi wa muda kutoka ng'ambo sharti amlipe kile anacholipwa mwenyeji wa eneo lile kwa kazi ile ile, na kiwango kikipanda katikati ya mkataba, mgeni naye apandishiwe. Aprili 2018 kiwango kilipanda, wenyeji wakaongezwa, wetu wakaachwa pale pale, huku tajiri wao akizidi kuwaita familia yake.

Ijumaa ya tarehe 15 Juni 2018 mkaguzi wa serikali alifika saa sita mchana, akawakuta mezani kwa tajiri wakila kuku, akauliza kama malipo yako sawa. Vijana walimgeukia Mugambi, maana kwetu mkubwa ndiye husema kwa niaba ya wote, naye Mugambi akatazama paja la kuku lililokuwa mkononi mwake, akakumbuka alivyolelewa, kwamba humsemi mwenye nyumba ukiwa ungali unatafuna chakula chake, akajibu kwamba wanashukuru na hawana neno. Mkaguzi akaandika hivyo, akaenda zake.

Purity alipopigiwa simu hakuamini masikio yake, akamwambia, "Mugambi, uliulizwa habari ya mshahara, hukuulizwa habari ya kuku." Njeru naye hakumsemesha mpaka msimu ukaisha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu kila jioni alimwona kijana wa watu akikaa peke yake kitandani, akitazama picha ya mke wake na mtungi mgongoni.

Waliporudi mwaka 2019, Mugambi alikataa kabisa kutia chochote cha tajiri mdomoni, hata chai, hata keki ya sikukuu, akawa anabeba ugali wake kwenye kopo la plastiki na kuula akiwa ameketi meza ile ile, tajiri akanuna, wenzake wakaona haya. Tarehe 6 Septemba mkaguzi alikuja tena, akamkuta mdomo uko huru, akaelezwa yote bila kufichwa, na tajiri akaamriwa awapandishe na kuwalipa walichopunjwa tangu Aprili ya mwaka uliotangulia. Njeru akachimba kisima chake. Mugambi pia alilipwa haki yake, ila msimu uliofuata wakala alimwambia kwamba jina lake halitakiwi tena, na nyumba aliyokuwa akijenga ikakwama kwenye lenta, bila paa, iko hapo nyuma yenu, hamhitaji kuelezwa.

Mtu angedhani amepata funzo, lakini wapi, kwani tangu hapo hakunywa chai ya mkutano wa wakulima wa majani chai kabla ya hesabu kusomwa, na tarehe 18 Februari 2023, tulipokwenda kumposea Mwenda, alikaa mbele ya wakwe zetu akiwa amekunja mikono mpaka mazungumzo yakaisha, nyama ya mbuzi ikapoa, na sisi tukatamani ardhi itumeze.

Januari 2025 chakula kilianza kumkwama, na madaktari wakagundua saratani ya koo. Tarehe 30 Julai, Purity akiwa amembembeleza siku nzima ameze angalau kijiko kimoja, Njeru aliingia wodini na chupa ya uji wa wimbi uliopikwa kwa maji ya kisima kile, Mugambi akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Wako nitakunywa, wewe huna mshahara wangu." Alikunywa kikombe kizima, Purity akatoka nje kulia, na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Agosti, akamrudia Mungu aliyemuumba na ukaidi wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na madereva wenzake wa lori. Tunamshukuru pia yule wakala wa Kinoru kwa kufika, tunamwona hema la pili, amezungukwa na vijana wetu wanaosafiri mwezi ujao. Fahali aliyemleta jana, Purity amemrudisha, yuko pale kwenye pikapu, hajaguswa. Chakula cha leo kimetoka kwa Njeru na watu wa Gachoka, kwa hivyo vijana kuleni mshibe, lakini kabla hamjainuka, Purity anataka mmuulize wakala mbele yetu sote mtalipwa kiwango gani, na kikipanda itakuwaje, kwa sababu leo hamjala chake.

Mugambi, umetuchosha vya kutosha. Sasa pumzika wewe, kwa amani.