Mwalimu Cephas Oyaro, Mhalifu Aliyekatazwa Kufa

Tarehe 30 Novemba mwaka huu, Mwalimu Cephas Oyaro anastaafu kutoka Kampuni ya Filamu ya Mwambao, Homa Bay, baada ya miaka ishirini na sita ya kupigwa, kutupwa, kuburutwa na kuangushwa kutoka mahali pa juu, kwa hiari yake na mbele ya kamera. Anaondoka akiwa na meno yake yote. Sisi tuliomwona kazini bado hatujaelewa iliwezekanaje.

Alizaliwa Rodi Kopany, ambako mama yake, Mama Nyakerario, alikuwa amehamia kutoka Kisii na kuanza kuuza ndizi. Karate aliisomea Migori, katika ghala la mahindi lililobaki tupu kila msimu wa kupanda, chini ya polisi mmoja mstaafu aliyekuwa mkali hata akisalimia. Sare yake ya kwanza ilishonwa kwa magunia ya unga wa ngano, na maandishi ya kiwanda yakakataa kutoka mgongoni. Wapinzani waliyacheka kabla ya pambano. Baada ya pambano waliyasoma tena wakiwa chini, yeye akiondoka zake.

Alipata mkanda mweusi, akawa bingwa wa Nyanza, akafuzu kwa fainali ya taifa. Fainali ikapangwa Jumamosi, na Mwalimu ni Msabato. Siku hiyo alikuwa kanisani Migori akiimba besi, na kombe likaenda kwa mtu ambaye yeye alikuwa amemshinda mwezi uliotangulia. Hatujawahi kumsikia akilinung'unikia. Akishatoa neno lake, amelitoa.

Mwaka 1999 mwongozaji wetu, Mirumbe, alifika katika ghala lile kutafuta mtu wa kuwafundisha waigizaji kuanguka bila kuvunjika. Akamkuta Mwalimu akiruka juu ya wanafunzi waliojipanga wakiwa wameinama, kisha akitua kimya kama nguo iliyoanguka kutoka kambani. Mirumbe alikuwa pia bado hajampata mhalifu wa filamu yake; hapo hapo akaacha kutafuta.

Katika filamu hiyo ya kwanza Mwalimu aliigiza mlanguzi anayepigwa kasia na kuzama ziwani. Alipigwa, akazama. Tulingoja. Maji yakatulia kabisa, na hata sisi tuliojua mpango mzima tukaanza kuvua viatu. Kumbe alikuwa ameibukia mbali, nyuma ya mashua zilizoegeshwa, akikamua shati.

Filamu ilipofika katika ukumbi wa video kisiwani Remba, msimulizi wa ukumbi, Omondi, aliisimulia kwa ustadi wake wa kawaida, akipiga kelele juu ya sauti za waigizaji: "Amekwisha! Huyo samaki wamemmaliza!" Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Filister, mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani, aliyenunua ndizi kwa Mama Nyakerario na kumjua kijana wake tangu akiwa shuleni. Hakuwa amewahi kuona filamu ya watu anaowafahamu. Alichoona ni Cephas akizama, na kwamba hakutoka.

Kesho yake Filister na wanawake wenzake walivuka hadi Mbita, wakafika Rodi Kopany na debe la omena na sukari ya matanga, wakilia tangu barabarani. Mama Nyakerario alikuwa peke yake kwenye kibanda chake. Alipouliza wanamlilia nani, Filister alimkumbatia na kumwambia, "Mama, tuliona kwa macho yetu. Maji ilimkataza kurudi."

Mwalimu alikuwa Migori akifundisha, na enzi hizo hakuwa na simu. Jioni alipoteremka kutoka kwenye gari alikuta viti vimepangwa nje kwao na watu wakiimba. Wanaosimulia kisa hiki hucheka wanapofika mahali Filister alipomfinya mkono mara mbili na kusema, "Ana nyama, si mzimu." Wachache humalizia sehemu inayofuata. Mama Nyakerario hakucheka. Alimtazama mwanawe, akamwambia, "Fanya hiyo kazi. Upigwe, ufungwe, ukimbie. Lakini usinifie tena, hata kwa mchezo." Mwalimu akakubali.

Wasomaji wa jarida hili la kampuni wanajua maana ya ahadi hiyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwa mhalifu. Mirumbe alikuja juu: "Sasa mbaya asipokufa, watu watakuwa wamekuja kuona nini?" Filamu mbili zilizofuata zilipewa mtu mwingine. Mwalimu alirudi ghalani, na ikaonekana safari yake ya filamu imeishia hapo.

Aliporudi kwetu alikuja na kitu alichokuwa amekifanyia mazoezi peke yake. Alimwomba Mirumbe awashe kamera, shujaa wa filamu ampige hadi mwisho, kisha amwache bila kumuua. Akaanguka, akajaribu kuinuka, goti moja likamkatalia, akabaki amepiga magoti akimwangalia aliyemshinda. Tulimwona mtu akielewa kwamba ameshindwa, na kwamba ataamka kesho akiwa bado ameshindwa. Mirumbe alisahau kusimamisha kamera. Tangu siku hiyo wahalifu wa Mwalimu hawakufa. Walikamatwa, walitoroka kwa kuchechemea, walipiga magoti, na kumbi za Mbita na Homa Bay zilinyamaza kuliko zilivyowahi kumnyamazia maiti yeyote.

Aliruka kutoka kwenye daraja la Mbita bila mtu mwingine kuruka badala yake. Alipita katikati ya moto wa nyasi huko Migori akiwa amebeba mwigizaji mwenzake mabegani. Lakini jambo tunalomheshimia zaidi halikuonekana na mtazamaji yeyote: hakuna kijana aliyeruka kabla Mwalimu hajaruka mahali palepale kwanza. Lorine, ambaye sasa anachukua kazi ya kufundisha, anasema aliwahi kumwambia, "Mwalimu, wacha nijaribu, wewe umezeeka," akajibiwa, "Ndiyo maana natangulia. Wewe bado una mambo mbele."

Mwaka huu filamu yake ya mwisho ilihitaji jambazi mzee afe. Tuliandika hivyo, kisha Mirumbe akamwachia Mwalimu aamue. Mwalimu alikwenda Rodi Kopany kumwomba ruhusa mama yake, ambaye sasa anakaribia miaka tisini. Akaulizwa swali moja: "Ukishakufa hiyo, utarudi huko kazini tena?" Akajibu kwamba hatarudi. "Basi acha afe," akasema Mama Nyakerario, "lakini mimi nitakuwa hapo."

Alikuja Mbita na Filister, ambaye naye ana mvi siku hizi, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki kando ya kamera. Mwalimu alipigwa risasi ya kuigiza, akaanguka kinyumenyume kwenye maji ya kina kifupi, akatulia. Mirumbe alitaka picha ikae kidogo. Ikakaa. Ndipo Mama Nyakerario aliposimama na kuita, bila kumwomba mtu ruhusa, "Cephas! Inuka twende nyumbani!"

Mwalimu akainuka, maji yakimtiririka. Mama akampapasa kisogo kwa kiganja, polepole, kisha mabega. Filister akasema, "Leo sikulia, mama." Akajibiwa, "Ungelia, ningekutupa humo ndani." Tulicheka wote, na wengine wetu tukageuka kando kufuta macho.

Kamera ilikuwa bado inanasa. Mirumbe aliitazama picha hiyo mara nyingi, akaamua kutokata kitu. Katika filamu mtakayoiona siku ya sherehe ya kumwaga Mwalimu, jambazi anakufa, kimya kinapita, sauti ya mwanamke mzee inamwita kwa jina lisilo lake, naye anainuka. Mama Nyakerario alipoonyeshwa aliuliza, "Si mlisema atakufa?" Mirumbe akamjibu, "Mama, wewe ndiye ulitukatalia."

Wengi wetu katika kampuni hii hatukuzaliwa tunakoishi, na makwetu wengine hatukurudi tena. Tunajua lilivyo jambo kubwa kuitwa nyumbani na kuweza kuitika. Mwalimu Cephas, asante kwa kila anguko ulilolitangulia ili wengine waangukie salama. Uwe na afya, usingizi mzuri, na Jumamosi zako zote. Nawe Mama Nyakerario, ulituazima mwanao kwa sharti moja. Huyo hapo, tunakurudishia akiwa mzima.